Kichwa cha Udongo cha Mbuya Wangu

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Nasema mapema ili msomaji asitafute hapa kitu ambacho hakipo. Darasa la nne lilianza mimi niko nyumbani na mdogo wangu mgongoni, mama yuko shambani, na shule ikaendelea bila mimi. Biblia naisoma, kuandika ndiyo haya unayoyaona. Mengine yote niliyonayo yako mikononi.

Kufinyanga nilifundishwa na bibi mzaa mama. Hakuwa mtu wa maelezo. Ukikosea mdomo wa chungu alikuwa anakuja, anaukunja wote kwa kiganja kimoja, unabaki na bonge mbele yako, naye anarudi kukaa bila kusema kitu. Unaanza upya. Nililia sana kwenye kigae kile, maana sisi hatuna gurudumu, chungu tunakizungushia juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, kwa mkono. Lakini nilijua. Mpaka naolewa, vyungu vyangu vilikuwa vinapikiwa mpaka huko chini Mnazi.

Huku kwetu milimani ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na mwanaume hakanyagi machimboni. Udongo wenyewe uko bondeni, pembeni ya kijito, kwenye shamba la ukoo mmoja. Hakuna anayelipa kuchimba. Kuna sharti moja tu lenye uzito: ukiwa na ugomvi na mtu, hushuki. Mpatane kwanza. Ukichimba ukiwa na ugomvi, vyungu vitapasuka motoni, na si vyako peke yako, hata vya wenzako mnaochoma pamoja. Ndiyo maana hakuna haja ya mlinzi pale. Wanawake wenyewe watakuzuia njiani, kwa sababu unawaharibia kazi.

Kama hilo ni kweli, sijui. Nimeona vyungu vya watu wagomvi vikitoka vizima vinalia kama kengele, na vya watu wapole vikigawanyika. Lakini nimelishika sharti hilo maisha yangu yote, kama ninavyoshika kutokula kabla ya kuomba. Hujiulizi kila siku.

Sura zilinianza nikiwa mtu mzima, nimeshazika mume na watoto wameshatawanyika. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umekaa mlangoni tangu asubuhi, na nilikuwa nimemaliza kufunga tumbo la chungu kikubwa. Udongo ulibaki mkononi, bonge kama la ngumi. Nikalibonyeza kwa kidole gumba, bila kufikiri. Pale nilipobonyeza pakawa jicho. Nikalitazama. Nikabonyeza la pili, na baada ya hapo sikuweza kuliacha, chungu kikakauka mdomo bila kusuguliwa, nikaja kukitupa.

Hakuna aliyenifundisha sura. Chungu nilifundishwa, sura sikufundishwa, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Vichwa vya kwanza vyote vililipuka motoni kwa sababu nilivifinyanga vikiwa vimejaa ndani. Nikaviokota vipande vipande na kuvitazama, nikaona chungu hakilipuki kwa kuwa ndani ni wazi. Basi nikaanza kukata kichwa utosini kama boga, nakikomba kwa kijiko, nakirudishia kifuniko chake na kukiziba kwa uji wa udongo. Vikaacha kulipuka. Pua nilizisumbukia mwaka mzima. Pua ya mtu haikai usoni kama mpini, inatoka usoni, na mpaka mkono wangu uelewe hilo nilifinyanga pua nyingi za kubandika, watu wakacheka.

Nilikuwa naenda kanisani na siachi kazi. Mchungaji anahubiri, mimi naangalia jinsi ngozi inavyoshuka chini ya taya la mzee aliyekaa mbele yangu. Sokoni naangalia midomo ya watu wanaobishana bei. Wakati mwingine mtu ananiuliza kama namdai. Nikifika nyumbani nasahau kuwasha moto, kwanza naweka kwenye udongo nilichokiona kabla hakijanitoka. Mwanangu aliyeko Tanga alikuja likizo akavikuta vichwa vimepangwa ghalani juu ya magunia ya maharage. Akaniuliza kazi yake nini. Nikamwambia havina kazi. Akasema mama, umri huu. Nikamwambia umri huu ndio nimepata nafasi.

Lazima nieleze jambo jingine. Kwetu sanamu ya udongo yenye sura ya mtu ina wenyewe. Makungwi walikuwa nazo za kufundishia wanawali, na waganga wanazo za kwao, zinazowekwa mahali na kusemewa maneno. Mtu wa kawaida hafinyangi mtu. Hakuna aliyenikataza mwanzoni, kwa kuwa sura zangu hazikuwa za mtu yeyote. Nilikuwa nachukua jicho la huyu, shavu la yule, nachanganya. Wakasema bibi anacheza, utoto umemrudia. Nikawaacha waseme.

Aliyenitoa huko ni mbuya wangu. Mbuya kwa Kishambaa ni rafiki, na mimi nilikuwa na mmoja tu. Alizaliwa Rangwi, Mkatoliki wa misheni, akaolewa huku kwetu kwenye ukoo ule wenye shamba la udongo na akawa Mlutheri bila kelele, ila rozari yake hakuitupa. Tuliolewa msimu mmoja. Tumechimba pamoja tangu tuna matiti ya kunyonyesha, tumebeba udongo pamoja kwenye kilima kile, tumechoma pamoja. Alikuwa mfinyanzi wa kawaida, mimi nasema hata leo, lakini alikuwa mtu wa maneno, na kazi ikiwa nzito huwezi kuchimba na mtu asiye na maneno. Vichwa vyangu alikuwa anaviita wapangaji. Akifika anachungulia ghalani anauliza, "Wapangaji wako wamelipa mwezi huu?"

Siku moja akaja, akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, akavua kilemba.

"Haya," akasema, "nitengeneze mimi."

Nikamwambia sitengenezi mtu anayejulikana.

"Kwa hiyo unatengeneza wasiojulikana, mimi niliyekuzalisha mtoto wako wa tatu hunitengenezi. Mimi nitakufa, mbuya. Wanangu watabaki na picha ya kitambulisho, ile niliyotoka kama nimekamatwa na kuku wa watu."

Nikamwambia pua yake itanimalizia udongo.

"Pua hii iliolewa kabla yako," akasema. "Fanya kazi."

Nilikubali. Sikukubali kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hamu, nilikuwa na hamu kwa miaka, kila tulipokaa tukimenya viazi nilikuwa namfinyanga kwa macho. Alijua. Watu wa namna ile wanajua.

Alikuwa anakuja akimaliza kulisha ng'ombe wake. Hakuweza kunyamaza, kwa hiyo mdomo niliufanya mwisho, nikiwa peke yangu. Alinisimulia habari zote za kijiji, na nilipomwambia atulize kidevu alisimulia kwa macho. Nilimharibu mara nyingi. Nilimkunja kwa kiganja kama bibi yangu alivyokuwa akinikunjia vyungu, yeye akitazama, akasema sasa ameona jinsi Mungu alivyohangaika. Halafu siku moja mvua inanyesha, yeye hayupo, nilikuwa nasugua chini ya jicho la kushoto kwa mbegu, na akatokea. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hivyo. Ilikuwa ni udongo, kisha ilikuwa ni yeye, yule anayekutazama kabla ya kukutania. Niliweka mikono chini na sikugusa tena. Nimefinyanga tangu mtoto, na kitu kama kile nimekifanya mara moja.

Nilimkausha ndani, mbali na moto, nikimgeuza kama mgonjwa. Tulichoma jua lilipotoka, kwenye uwanja wangu, majani makavu ya migomba chini na magome ya miwati juu, vyungu vyake na vyangu pamoja, na kichwa katikati. Mkaza mwana wake, mke wa mtoto wake mkubwa wa kiume, ndiye aliyetusaidia kubeba kuni. Majivu yalipopoa tukafukua. Vyungu vyote vizima. Kichwa kilikuwa na ufa, umeanzia juu ya paji la uso upande wa kulia ukashuka mpaka karibu na sikio. Hakikugawanyika. Ulikuwa ufa tu, mwembamba, kucha haiingii.

Mimi niliumia. Yeye alikipokea akakiweka magotini, akapitisha kidole kwenye ule ufa.

"Umepatia," akasema. "Ndipo kinaponiuma, upande huu huu."

Akacheka. Mimi nikacheka. Mkaza mwana hakucheka.

Alikuwa na presha. Kila mtu alijua, na dawa alikuwa nazo, ila alikuwa anazimeza siku anayojisikia vibaya na kuziacha siku anayojisikia vizuri. Nilimgombeza mara nyingi, akasema vidonge vinamfanya aone maharage mawili mawili. Kichwa kilibaki kwangu kwa sababu alitaka nimtafutie namna ya kuziba ufa kwanza. Maharage yakakomaa, tukaanza kung'oa, kila mtu kwake. Ndipo alipoanguka shambani. Walimkuta kwenye tuta, mdomo umevutwa upande, mkono hausogei, maneno hakuna tena. Mtu yule, maneno hakuna tena.

Walimpeleka hospitali wakamrudisha. Binti yake mdogo, ambaye anaishi Lushoto mjini na ana watoto wake, alikuja kumwuguza. Ndiye aliyekuwa anamlisha uji, anashika taya kwa mkono mmoja, anamimina kwa kijiko, anafuta. Mimi nilikwenda mara moja nikamkuta yule binti kwenye kazi hiyo. Aliniamkia shikamoo mama mkubwa, akaniachia nafasi nikae. Mara ya pili mtoto mkubwa wa kiume alinipokea kwenye ua, akasema mama amelala. Mara ya tatu amelala. Nikaelewa kwamba mkaza mwana ameshazungumza.

Alipofariki nilikwenda na ndoo yangu ya maji na kanga mpya, kama inavyotakiwa, maana kumwosha ilikuwa haki yangu. Mlangoni wanawake hawakunisogelea wala kunifukuza. Walisimama tu wakiwa wamejaa mlango, wakatazama chini. Nilikaa nje kwenye benchi la wageni na watu waliotoka Bungu ambao hawakumjua vizuri. Mchana walituletea wali na maharage. Nilikula. Watu walitazama kama nitakula, nikala.

Kijijini hakuna aliyeniita mchawi kwa sauti. Ni watu wa kanisa, wana adabu. Nilichosikia ni kwamba kichwa kiliwekwa motoni kikapasuka, na kichwa cha mwenyewe kikapasuka upande ule ule, na kwamba yeye mwenyewe alisema hivyo, kwa mdomo wake, mkaza mwana ni shahidi. Na alisema kweli. Ndilo jambo baya. Hakuna aliyesema uongo hata kidogo.

Na machimbo yakafungwa kwangu, bila mtu kuyafunga. Nilikuwa na ugomvi. Siku niliyochukua jembe na kikapu, wenzangu walikuwa wamekaa njiani wananisubiri, watu niliowafundisha mimi wengine, wakaniamkia kwa heshima, wakasema bibi, hebu kwanza mmalize lile neno. Nikageuka. Ningekuwa wao, ningefanya hivyo hivyo.

Udongo wa mahali pengine haulingani na ule wa bondeni. Nisieleweke vibaya, chungu unaweza kukifanya kwa udongo wa hovyo, kikakaa mwezi. Sura huwezi. Sura inataka udongo laini usio na mchanga, unaokubali jambo dogo na kulishika. Kunikataza machimbo ilikuwa ni kunikata vidole, na nilikuwa ndio kwanza nimejua vidole vinafanya nini. Kwa hiyo mzee wa kanisa alipokuja kuniambia kwamba familia imekubali kukaa, baada ya matanga kuanuliwa, nilishukuru mpaka nikaona aibu.

Kupatana kwa wafinyanzi kuna utaratibu wake, na hata Walutheri tunaufuata, mzee wa kanisa anaanza kwa sala ndipo unafuata. Linawekwa bakuli la maji. Kila mmoja anasema neno lake lote, bila kubakiza. Akimaliza anachukua maji mdomoni, anatema pembeni, na lile neno limetoka. Baada ya hapo hurudi kulisema tena. Lakini ukisema uongo na kutema maji juu yake, ule uongo umebaki ndani, na udongo hautakukubali tena mpaka unakufa. Bakuli alishika mama mmoja mfinyanzi ambaye ni mkubwa kwetu sote, haoni vizuri tena. Tulikaa kwenye ua wa marehemu. Waliniambia nije na kichwa, nikaja nacho nimekifunga kwenye kanga.

Mtoto mkubwa wa kiume alianza. Hakupandisha sauti, na sina lawama naye. Alisema, "Mama mkubwa, mama yetu alikaa kwako mzima, ukamfinyanga, ukamweka motoni, akapasuka. Sisi tufikiri nini?"

Nikasema maneno yangu. Nikaeleza habari ya presha na vidonge. Nikasema udongo ni udongo. Yote waliyajua. Ilikuwa inakwenda hivyo, neno na neno, haifiki popote, mpaka yule binti mdogo akasema anataka kukiona. Alikuwa hajakiona. Akakifungua kwenye kanga, akakiweka magotini kama alivyokiweka mama yake.

Alikitazama muda mrefu. Ng'ombe alikuwa akijikuna kwenye nguzo. Kisha binti akasema, bila kuinua macho:

"Huyu si mama."

Kaka yake akamwambia angalia vizuri.

"Nimeangalia. Mama hakuwa na macho haya. Huyu ni mwanamke tu, mtu yeyote. Kaka, unamwogopa mtu asiyekuwepo."

Pale uani watu walishusha pumzi, niliisikia. Hata mkaza mwana alilegea mabega. Maana kama kichwa si chake, basi kilichopasuka ni udongo. Mzee wa kanisa akaliwahi. Akasema basi, Mungu asifiwe, mtoto wa marehemu mwenyewe ameona. Akanigeukia, akasema bibi, sema tu na wewe kwamba ulifinyanga mtu yeyote, kama ulivyokuwa ukifinyanga siku zote, tuteme maji, kesho ushuke na wenzako.

Nitasema nilivyojisikia, ingawa si vizuri. Kwanza nilikasirika. Mtu amesema kazi ile si kitu. Macho yale ambayo nimeyatafuta miaka, mtoto anasema hayafanani. Nilitaka kumwambia, mwanangu, wewe huoni. Halafu nikatazama mikono yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umelishika lile taya la udongo kwa chini, kidole gumba kimelala pembeni ya mdomo, vile vile nilivyomkuta akimlisha uji. Hakujua kwamba mkono wake uko pale. Mkono ulikuwa umemtambua mama yake na umekwenda mahali pake.

Basi nikajua kwamba anajua. Alikuwa ananiokoa, mbele ya kaka yake, juu ya kifo cha mama yake, na njia aliyoiona ni hiyo moja. Mtu mwenye akili angeipita.

Yule mama mfinyanzi mwenye bakuli alikuwa ameshanisogezea. Niliyaona yale maji. Wale wengine waliokaa pale, mzee wa kanisa, kaka, hata yule binti, hakuna aliyekuwa mfinyanzi. Kwao yale yalikuwa maji ya kumaliza maneno. Binti hakuwahi kujifunza kazi ya mama yake, alikwenda shule akamaliza, na hakujua ananiomba nini. Nikidanganya, nimepata machimbo na nimepoteza udongo. Nikisema kweli, nimepoteza machimbo. Hivyo ndivyo nilivyowaza wakati ule. Leo nikikaa nawaza pia kwamba labda maji hayakuwa na neno lolote, na kwamba sikuweza tu kutamka kuwa yule si yeye. Sijui lipi lilikuja kwanza.

Nikasema, "Ni yeye."

Binti akainua macho. "Mama mkubwa, mimi nimesema kwa ajili yako."

"Najua."

"Sasa unataka nini?"

Nikarudia kwamba ni yeye, kwamba nilimfinyanga yeye kwa sababu aliniomba, kwamba kazi ile nimeifanya kwa upendo na haikumdhuru, lakini ni yeye. Nikanyoosha mkono kuchukua maji. Yule mama mfinyanzi akalivuta bakuli. Haoni vizuri, lakini anasikia. Akasema hawajapatana hawa, maji hayatemwi. Akayamwaga chini.

Kaka mtu alimtazama dada yake kuliko alivyonitazama mimi. Akasema mbele yetu kwamba dada yake ameuguza mama, amekula chakula cha msiba, kisha amekaa hapa kumtetea mtu kwa uongo juu ya mwili ambao haujaoza. Yule binti alikirudisha kichwa kwenye kanga, akaifunga vizuri, mafundo mawili, akaniwekea miguuni. Akaingia ndani kuchukua mfuko wake. Aliteremka mjini jioni ile ile, na ninavyosikia hajapanda tena, hata siku ya kuweka msalaba hakuja.

Hilo ndilo ninaloona zito. Machimbo nimezoea kuyakosa. Asubuhi nawasikia wenzangu wakishuka, wanacheka, wakikaribia kwangu wanapunguza sauti, wakishapita wanaiongeza tena. Wananisalimia tukikutana. Siku za ushirika tunakaa benchi moja. Vyungu vyangu vilivyobaki niliviuza kwa watu wa mbali, sasa vimekwisha.

Udongo nachukua pale barabara ilipokatwa kilima. Una mchanga. Nachekecha, naloweka, nachekecha tena, bado una mchanga. Nafinyanga nao hivyo hivyo kwa sababu sijaweza kuacha, nilijaribu kipindi cha mvua nikawa napiga watu kelele bila sababu. Zinatoka sura ngumu, zimetoka malengelenge, na motoni zinameguka puani. Nachoma peke yangu. Moto wa mtu mmoja ni mdogo, hauivishi. Kichwa cha mbuya wangu kiko ghalani ndani ya kanga. Mwanangu wa Tanga ameniambia nikivunje yaishe. Mchungaji naye amesema taratibu kwamba hakuna dhambi kukivunja. Ningekivunja kama ningekuwa na uhakika kwamba naweza kufanya kingine.

Wiki iliyopita niliteremka Lushoto kuchukua dawa zangu, mimi zangu nameza kila siku. Nikapita sokoni. Sikwenda kumtafuta, ila nilijua anauza mboga upande ule. Nilimkuta amekaa nyuma ya karoti na kabichi zake, amevaa sweta, ananyunyizia maji majani. Aliponiona alisimama, akaniamkia shikamoo kama mtu aliyelelewa. Hakusema mama mkubwa. Aliniita bibi, kama anavyomwita mteja yeyote mwenye mvi, na akauliza anipimie nini. Nikamwambia karoti.

Aliinama kuchagua. Amekonda. Mifupa ya mashavu imetoka, na chini ya taya pameanza kushuka pale pale palipoanza kwa mama yake. Ile namna ya mama yake ya kukunja mdomo anapohesabu, sikuwa nimeiona kwake, ilikuwa imejificha na unene. Nilikuwa nimekuja na maneno, nilikuwa nimeyapanga njia nzima kwenye gari, kwamba nilimkosea yeye na si mama yake. Sikuyasema. Nilikuwa natazama mahali shavu linapokutana na pua, linavyozama kidogo kabla ya kupanda, na nikagundua vidole gumba vyangu vinakwenda, vinabonyeza, ndani ya kanga niliyojifunga.

Akainuka na karoti mkononi, akaniona.

"Bibi," akasema, "usiniangalie hivyo."

Nikashusha macho. Nikapokea karoti, nikamlipa, nikaondoka kuelekea stendi nikiwa natazama chini, na uso wake wote ninao.